Kabla ya kuchomwa dawa ya kuonyesha mishipa ya moyo, sema haya

Umewahi kujiuliza daktari anaonaje mshipa wa moyo ulioziba? Eksirei inaonyesha mifupa vizuri, lakini damu hapana. Ndiyo maana mrija mwembamba hupitishwa mkononi au kwenye paja hadi kwenye moyo, kisha huchomwa dawa yenye iodini. Iodini huzuia mionzi, basi mshipa unaonekana wazi kwenye skrini.

Shida iko wapi? Dawa hiyo hutolewa na figo. Kama tayari ni dhaifu, zinaweza kuumia zaidi ndani ya siku 2 au 3, na wewe usihisi chochote. Kwa hiyo kreatinini hupimwa kwanza, aliye hatarini huwekewa dripu ya maji, na dawa hutumika kidogo iwezekanavyo.

Wewe sema mambo 3: kama una ugonjwa wa figo au kisukari, kama unatumia metformini, na kama dawa hii iliwahi kukuletea mzio. Metformini usiiache kwa kujiamulia. Daktari ndiye atakayekuambia.

Na ukidhurika kwa kula kamba? Wengi hudhani ni iodini, kumbe ni protini ya kamba mwenyewe. Itaje, ila peke yake haizuii kipimo.