Huduma ya Tafakuri kwa Mgonjwa wa Hospisi: Yafahamu Haya Kabla ya Kukubali au Kukataa

Mgonjwa anapoingizwa katika huduma ya hospisi hapa Marekani, familia yake hupokea wageni wengi katika siku chache za majonzi: muuguzi, ofisa ustawi wa jamii, na mhudumu wa kiroho. Huenda mhudumu huyo akawa amefunzwa katika mapokeo ya dini ya Buddha, naye akaomba kuketi kimya kando ya kitanda. Familia ya Kiislamu au ya Kikristo yaweza kushtuka. Je, mzee wetu anabadilishwa dini dakika za mwisho? Je, kimya hiki kinachukua nafasi ya dawa? Je, tutadaiwa fedha? Tumeandika makala haya ili kuyajibu maswali hayo.

Asili yake

Cicely Saunders, daktari Mwingereza aliyefungua Hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa si ya mwili pekee. Yapo pia ya moyo, ya uhusiano na jamaa, na ya roho. Mtazamo huo uliwapa nafasi Wabuddha, ambao tangu kale wameyafanya mauti kuwa jambo la kutafakariwa wazi. Mwaka 1987, wakati Ukimwi ulipokuwa ukiua watu wengi jijini San Francisco, Zen Hospice Project ilianza kuwafunza watu wa kujitolea namna ya kuketi na wagonjwa. Huko Japani, Hospitali ya Nagaoka Nishi ilifungua wodi ya Kibuddha ya tiba shufaa mwaka 1992. Mwaka 2007 kilianzishwa New York Zen Center for Contemplative Care, kituo kinachofunza wahudumu wa kiroho.

Kinachofanyika kitandani

Mhudumu hutulia kwanza kabla ya kuingia chumbani. Huketi, husikiliza, wala hana haraka ya kufariji. Mgonjwa akitaka, huongozwa kuvuta pumzi taratibu na kuifuatilia.

Kuketi na mgonjwa si jambo geni kwetu. Tangu utotoni tumefunzwa kwenda kumjulia hali. Tofauti imo katika maneno. Sisi huzoea kumwambia, “Utapona tu, jipe moyo.” Twasema hivyo kwa upendo, lakini mara nyingine mgonjwa aijuaye hali yake hunyamaza ili asituhuzunishe. Hubaki na hofu yake, na pengine na wasia alioutaka kuutoa. Mhudumu wa tafakuri hamwahidi kupona, wala hamkatishi tamaa. Humwachia nafasi ya kusema, “Naogopa,” na ya kusikilizwa.

Yasiyokubalika

Huduma hii si njia ya kumhubiria mgonjwa. Mhudumu aliyefunzwa vyema hapaswi kumshawishi mtu kuiacha imani yake. Aidha, pumzi si badala ya dawa. Utulivu huweza kupunguza hofu, lakini maumivu makali ya saratani yanahitaji tiba, ikiwamo morfini pale daktari anapoiagiza. Mtu yeyote akimtaka mgonjwa avumilie maumivu kwa kutafakari badala ya kupewa dawa, mwite muuguzi wa zamu mara moja, usiku au mchana.

Haki zenu

Katika hospisi zilizoidhinishwa na Medicare:

- Ushauri wa kiroho hutolewa kwa kadiri mgonjwa na familia wanavyoukubali. Mnaweza kuukataa bila kupoteza huduma nyingine.
- Hospisi inapaswa kufanya juhudi za kuridhisha kuwezesha shehe, padri au mchungaji wenu kumtembelea mgonjwa. Anayetaka kusomewa Yasini au kupakwa mafuta matakatifu aseme mapema.
- Mgonjwa ana haki ya kutulizwa maumivu ipasavyo, na ya kuelezwa haki zake kwa lugha anayoielewa. Ombeni mkalimani, mtoto wa nyumbani asibebeshwe kazi hiyo.
- Ushauri wa kiroho ni sehemu ya huduma ya hospisi, hivyo hautozwi ada ya pekee. Mtu wa nje mnayemwajiri wenyewe ni jambo jingine: takeni bei yake kwa maandishi kwanza.
- Mgonjwa anaweza kulalamika bila kulipiziwa kisasi, na anaweza kujitoa katika hospisi wakati wowote.
- Baada ya kifo, huduma ya ushauri kwa wafiwa huendelea kupatikana hadi mwaka mmoja.

Maswali ya kuuliza

Muulizeni mhudumu: Umepata mafunzo gani? Utafanya nini hasa chumbani? Je, twaweza kuwapo? Utafanya nini mgonjwa akikuomba uondoke?

La mwisho ndilo zito kuliko yote: muulizeni mgonjwa mwenyewe, angali ana uwezo wa kujibu. Yawezekana mzee akapenda kimya cha mgeni asiyemlilia, na jioni akataka dua ya wanawe. Yawezekana pia akamkataa mgeni huyo kabisa. Jibu lake liandikwe katika mpango wa matunzo, ili kila anayeingia chumbani alifuate.