Trekta Likigoma, Tazama Moshi Kwanza



Mvua imekaribia. Plau limefungwa. Dereva anawasha trekta. Injini inazunguka, lakini haiwaki. Utafanya nini? Watu wengi hukimbilia kumwita fundi wa mjini. Ngoja kwanza, usitoe fedha.

Katika vijiji vingi vyetu bado utaona trekta dogo jekundu, Massey Ferguson 135. Lilianza kutengenezwa mwaka 1964 huko Coventry, Uingereza. Injini yake ni ya dizeli, ina silinda tatu. Halina kompyuta. Kwa hiyo magonjwa yake mengi unaweza kuyaona kwa macho yako mwenyewe.

Mwezi wa Novemba 2011, kikundi kimoja cha wakulima wilayani Babati kilikuwa na trekta kama hilo. Lilikuwa likiwaka, likilima dakika kumi, halafu likizimika. Mwishowe likakataa kabisa. Fundi akaja. Akasema, "Pampu ya nozeli imekufa." Mimi ndiye niliyekuwa bwana shamba wao. Niliwaambia wamsikilize fundi. Nilikosea. Waliuza mafahali wawili. Pampu ikafunguliwa, ikatengenezwa, ikarudishwa. Trekta halikuwaka. Mvua za kwanza zikapita. Ugonjwa wenyewe ulikuwa nini? Tutaufikia.

Je, injini inazunguka kwa nguvu?

Kama starta inazunguka pole pole, anza na betri. Tazama vichwa vyake. Je, vina ungaunga mweupe au wa kijani? Fungua waya wa hasi kwanza, halafu wa chanya. Safisha kwa maji ya moto, kausha, kaza vizuri. Mara nyingi ni hilo tu.

Wakati wa kuwasha, kaa kwenye kiti. Gia ziwe huru. Wako madereva wanaosimama kando ya gurudumu na kugusisha bisibisi kwenye starta. Kama gia imeingia, trekta litaondoka na kumpanda mtu huyo. Usifanye hivyo hata siku moja.

Sasa tazama bomba la moshi

Starta ikizunguka vizuri, mwambie mwenzako atazame bomba la moshi. Je, moshi unatoka?

Moshi mweupe ukitoka na injini haiwaki, dizeli inafika lakini haiungui. Huenda ni baridi ya asubuhi. Huenda injini imechoka, haibani hewa vizuri. Hapo fundi anahitajika.

Moshi usipotoka kabisa, dizeli haifiki. Kazi hii ni yako.

Kwanza, tazama kitufe cha kuzimia injini. Je, kimerudishwa ndani? Usicheke. Nimewahi kusafiri kilometa 20 kwa baiskeli kwenda kukisukuma kitufe hicho.

Pili, tazama kama dizeli imo tenkini na koki imefunguliwa.

Tatu, fuata dizeli njiani. Inatoka tenkini, inapita kwenye pampu ndogo iliyo ubavuni mwa injini, inakwenda kwenye chujio, ndipo inafika pampu ya nozeli. Funga koki. Legeza bomba linaloingia pampu ndogo. Weka kopo chini. Fungua koki. Tenki liko juu, kwa hiyo dizeli itoke yenyewe, kama maji ya birika. Ikitoka tone tone, njia imeziba huko juu.

Hapo ndipo penye ugonjwa wa lile trekta la Babati. Tulimimina dizeli yote kwenye ndoo, tukafungua koki. Ilikuwa imejaa tope na nyuzi za gunia. Dizeli kidogo ilipita, ikatosha dakika chache tu, halafu injini ikakosa chakula. Kuisafisha kulichukua saa moja. Hatukununua kitu. Pampu ya nozeli ilikuwa nzima tangu mwanzo, nami nadhani hata fundi yule hakuipima.

Kutoa upepo

Dizeli ikikatika njiani, au ukibadilisha chujio, upepo huingia kwenye mabomba. Injini haitawaka mpaka upepo utoke.

Rudisha bomba, kaza, fungua koki. Legeza skrubu iliyo juu ya chujio. Pampu ndogo ina kiwiko cha kusukuma kwa mkono. Kisukume. Povu litatoka. Endelea mpaka itoke dizeli tupu, kisha kaza skrubu. Kama kiwiko ni kilegevu na hakisukumi kitu, zungusha injini kidogo, jaribu tena. Wengi hudhani pampu hiyo imeharibika, kumbe injini imesimama mahali pabaya.

Fanya vile vile kwenye skrubu mbili za pampu ya nozeli, moja ubavuni na moja juu. Mwisho, legeza nati za mabomba mawili kwenye nozeli. Vuta mafuta mpaka mwisho, zungusha kwa starta. Dizeli ikitoka bila povu, kaza nati. Sasa washa.

Angalia sana: weka mikono na uso mbali na nozeli. Dizeli inayoruka hapo ina nguvu ya kupenya ngozi. Ikikupenya, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo kama tundu la sindano.

Pampu ya nozeli na nozeli zenyewe usizifungue. Hizo zina vipimo vidogo mno, na hupimwa kwa mashine. Lakini fundi akikuambia zimekufa, mwombe kwanza alegeze lile bomba la pampu ndogo mbele yako.

Wakulima wale walilima mwishoni mwa Januari 2012. Mahindi yalikuwa yamechelewa, wakapanda alizeti sehemu kubwa ya shamba. Baadaye walinunua pipa moja la dizeli. Dizeli hukaa humo siku mbili bila kuguswa, ili tope na maji yashuke chini. Huichota juu, huichuja kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na hujaza tenki jioni, kazi ikiisha. Madumu ya zamani wamewaachia watoto wachotee maji ya kumwagilia bustani.