Sauti Katika Gari Lililoshushwa: Namna ya Kutafuta Chanzo Chake

Katika mitaa ya Mchafukoge, hasa ile inayopakana na Kariakoo na Gerezani, sikio la mpita njia huzoea sauti nyingi. Maduka ya vipuri vya magari yamepangana Gerezani, na mafundi hufanya kazi zao si mbali nayo. Huko ndiko mwenye gari anakokwenda kulalamika kwamba gari lake linalia. Aghalabu gari lenyewe limeshushwa: springi zake zimekatwa, au zimeondolewa na kuwekwa fupi, ili likae karibu na ardhi na kupendeza macho. Kabla ya kushushwa lilikuwa kimya. Sasa linavuma, linagonga au linatetemeka.

Fundi mwenye haraka husema, "Difu imekwisha." Difu inanunuliwa, inafungwa, na sauti inabaki palepale. Fedha zimepotea, na hatari ingalipo. Kosa hilo huepukika, kwa kuwa kila sehemu inayozunguka ina sauti yake, na sauti hiyo hufuata kanuni za fizikia ambazo mwanafunzi wa sekondari anazifahamu.

Nguvu inavyosafiri

Nguvu hutoka katika injini, hupita kwenye klachi, kisha giaboksi. Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, propela shafti huipokea na kuifikisha kwenye difu, na ekseli huipeleka magurudumuni. Katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, difu imo ndani ya giaboksi, na shafti mbili fupi hutoka hapo kwenda kila gurudumu.

Giaboksi imefungwa kwenye bodi, lakini magurudumu hupanda na kushuka kufuata barabara. Kwa hiyo hapana budi pawe na viungo vinavyoweza kukunjika huku vikizunguka. Wahandisi huchagua pembe za viungo hivyo kwa kuzingatia kimo ambacho gari limekusudiwa kukaa. Anayelishusha gari amebadili pembe hizo, hata kama hakugusa kiungo chochote.

Hesabu ya pembe

Kiungo cha zamani kati ya hivyo ni kile chenye msalaba wa chuma na uma mbili, ambacho mafundi hukiita krosi. Huhusishwa na jina la Mwitalia Girolamo Cardano wa karne ya 16, na Mwingereza Robert Hooke alikieleza mwaka 1676 katika maandishi yake juu ya vyombo vya kutazamia jua.

Krosi ina tabia moja ya ajabu. Shafti ya kwanza ikizunguka kwa mwendo usiobadilika, shafti ya pili haizunguki hivyo endapo zimekutana kwa pembe. Katika kila mzunguko mmoja, shafti ya pili huongeza mwendo mara mbili na kuupunguza mara mbili. Mwendo wake wa chini kabisa ni ule wa shafti ya kwanza ukizidishwa kwa kosaini ya pembe. Wa juu kabisa ni ule wa kwanza ukigawanywa kwa kosaini hiyo. Pembe ikiwa nyuzi 3, tofauti ni kiasi cha 0.14 kwa mia tu, kila upande. Ikiwa nyuzi 10, hufikia 1.5 kwa mia. Ikiwa nyuzi 20, hufikia 6 kwa mia. Pembe imeongezeka mara saba hivi, lakini mtikisiko umeongezeka zaidi ya mara arobaini.

Dawa yake ni kutumia krosi mbili, moja kila mwisho wa propela shafti. Pembe zikiwa sawa na uma zimepangwa sambamba, krosi ya pili hufuta kosa la krosi ya kwanza. Pembe zikitofautiana, kosa halifutiki, na mtetemo huingia katika difu na sakafu ya gari. Hata hivyo pembe isifanywe sifuri. Vijiti vidogo vya beringi ndani ya krosi huhitaji kusogea kidogo. Visiposogea, huchimba chuma mahali pamoja na kukiharibu.

Kushusha hakuleti matokeo yaleyale

Gari la ekseli nzima ya nyuma na springi za majani, kama Toyota Hilux, linaposhushwa, ekseli husogea karibu na sakafu. Kipande kilichowekwa kati ya springi na ekseli kikiwa na upande mnene na upande mwembamba, difu huinama na pembe mbili za krosi huacha kulingana. Pia shafti inaweza kugusa sakafu au bomba la moshi gari linapopita kwenye tuta. Ikumbukwe kwamba Hiace iliyojazwa kupita kiasi, ambayo springi zake zimechoka, nayo imeshushwa bila mwenyewe kutaka.

Katika gari ambalo kila gurudumu la nyuma hujitegemea, difu imefungwa kwenye bodi. Kulishusha hakubadili pembe ya propela shafti. Hubadili pembe za shafti fupi zinazotoka kwenye difu kwenda magurudumuni.

Katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kila shafti ina jointi mbili za CV, zilizobuniwa ili mwendo wa kuingia na wa kutoka ulingane. Jointi ya nje ikilika, hutoa mlio wa "ka-ka-ka" gari linapokata kona huku likiongezwa mwendo. Jointi ya ndani katika magari mengi ina viringisho vitatu. Pembe yake ikizidi, kila kiringisho husukuma shafti kwa zamu, na gari hutikisika linapoongezwa mwendo, kisha hutulia dereva anapoachia mafuta.

Kuhesabu sauti

Tuchukue gari lenye propela shafti, linalokwenda kilomita 72 kwa saa katika barabara kuu nje ya mji. Mwendo huo ni mita 20 kwa sekunde. Ikiwa mzingo wa tairi ni mita 2, gurudumu huzunguka mara 10 kwa sekunde. Ikiwa difu ina meno 41 kwenye gia kubwa na 10 kwenye gia ndogo, propela shafti huzunguka mara 41 kwa sekunde. Basi:

Tairi lisilo na uwiano mzuri wa uzito hutetemesha mara 10 kwa sekunde. Mtetemo huo huhisiwa mikononi na kwenye kiti. Sikio haliusikii, kwa kuwa husikia kuanzia mitetemo 20 hivi.

Propela shafti iliyopinda au kukosa uwiano hutetemesha mara 41.

Krosi zenye pembe zisizolingana hutetemesha mara 82.

Meno ya difu hukutana mara 410 kwa sekunde, na hiyo ni sauti nyembamba ya kuimba.

Vyanzo vinne, sauti nne zilizo mbalimbali. Anayesikia mvumo mzito hana sababu ya kulaumu meno ya difu kwanza.

Majaribio ya barabarani

Kwanza, gari lisimame na injini iungurume. Sauti ikiwapo, chanzo si propela shafti wala magurudumu, maana hayo hayazunguki. Ikitoweka klachi inapokanyagwa, ishukiwe beringi ya giaboksi. Ikizuka klachi inapokanyagwa, ishukiwe beringi ya klachi yenyewe.

Pili, gari liendeshwe kwa mwendo uleule katika gia mbili tofauti. Sauti isipobadilika, chanzo kiko baada ya giaboksi.

Tatu, dereva aachie mafuta bila kukanyaga breki. Mlio wa difu kwa kawaida hubadilika, kwa sababu meno sasa husukumana kwa upande mwingine. Mvumo wa beringi ya gurudumu hubaki karibu vilevile.

Nne, gari lipindwe taratibu kushoto na kulia mahali palipo wazi na salama. Linapopinda kushoto, uzito huhamia magurudumu ya kulia. Mvumo ukizidi hapo, beringi ya kulia ichunguzwe.

Tano, lipitishwe kwenye lami laini, kisha kwenye lami yenye kokoto. Sauti ikibadilika sana, mkosaji ni tairi. Jambo hili ni muhimu kwa gari lililoshushwa: mara nyingi magurudumu yake huinamia ndani kwa juu, tairi hulika ukingo wa ndani na kuota makali kama ya msumeno. Mvumo wake hufanana mno na wa beringi, na wengi wamebadilisha beringi nzima kwa ajili ya tairi.

Mtego wa jeki

Baada ya hapo fundi hulinyanyua gari kwa kuweka jeki chini ya bodi, akazungusha magurudumu, na sauti ikatoweka. Husema gari ni zima. Lakini magurudumu yanayoning'inia yameshuka, na pembe za shafti zimerudi karibu na zilivyokuwa kabla gari halijashushwa. Ugonjwa umefichwa na kipimo chenyewe. Katika gari lisiloshushwa hutokea kinyume chake: magurudumu yakining'inia, jointi nzima huweza kugonga.

Kwa hiyo pembe zipimwe uzito wa gari ukiwa juu ya magurudumu, kwenye shimo la ukaguzi, au gari likiegemea stendi imara zilizowekwa chini ya ekseli au mikono ya magurudumu. Mtu asiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Sababu ya kutopuuza

Krosi iliyolika huanza kwa mgongo mmoja wakati wa kuondoka. Ikiachwa, inaweza kukatika gari likiwa mwendoni. Shafti ikianguka upande wa mbele, ncha yake huweza kuchoma barabara na kulirusha gari. Hivyo mlio wa leo ni onyo kwa abiria na kwa waendao kwa miguu.

Anayetaka gari la chini atumie springi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hilo, asizikate. Springi yenye mizunguko 8 inayofanya kazi ikibakiwa na 6 huwa ngumu kwa mara 1.33, na inaweza kuchomoka mahali pake gurudumu linaposhuka kwenye shimo. Kisha pembe zipimwe na kulinganishwa, magurudumu yanyooshwe, na mipira inayofunika grisi ya jointi ikaguliwe.

Darasani, mwalimu anaweza kuonyesha jambo hili kwa krosi moja kuukuu, ambayo gereji nyingi huitupa. Afunge duara la karatasi lenye nyuzi kila upande, aizungushe kwa pembe ya nyuzi 30, na wanafunzi waandike kila nyuzi 15 za upande wa kwanza zinalingana na ngapi za upande wa pili. Mchoro watakaoupata utapanda na kushuka mara mbili katika kila mzunguko, kama ulivyo mvumo unaosikika chini ya sakafu ya gari lililoshushwa.