Nani kafunga mlango?

Kwa Kiswahili, watu wawili wanaweza kuwa peke yao. Maharusi walioachwa chumbani wako peke yao, na familia ya watu wanane iliyohamia mtaa usio na ndugu itakwambia, "Hapa tuko peke yetu." Neno hilo halina haja ya hesabu. Linatazama nani hayupo.

Mitaani Dar es Salaam linazidi kunyang'anywa nafasi na "mwenyewe". Kijana aliyepanga chumba chake cha kwanza Mbagala husema kifua mbele, "Nakaa mwenyewe." Wanaochunga lugha hununa, maana kwao aliyekuja mwenyewe ni yule ambaye hakutuma mtu, hata kama amefuatana na msafara mzima. Mimi sinuni. Mwenyewe ni mwenye mali pia, na kijana anatujulisha kwamba ufunguo ni wake. Angesema "nakaa peke yangu", shangazi zake wangeanza kumtafutia mchumba.

Na huo ufunguo ndio kipimo. Ukiyachambua maneno yetu ya kuwa bila watu, karibu yote yanataka kujua nani kafunga mlango. Tazama kazi inayofanywa na herufi mbili tatu: kutenga, kutengwa, kujitenga. Aliyetengwa na kijiji huijua adhabu yake siku ya msiba, pale anapokosa hata wa kumsaidia kuchimba kaburi. Anayejitenga naye hasalimiki: ataambiwa ana maringo, au ana lake jambo. Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali ya Kenya ilipowataka wasafiri wanaoingia nchini wajitenge kwa siku 14, lawama ya jirani iligeuka ghafla kuwa agizo la daktari.

Kujitenga kunakokubalika kuna muda wake, na watu wanajua aliyejitenga yuko wapi. Mwenye kukaa itikafu katika kumi la mwisho la Ramadhani yumo msikitini, na mwezi ukiandama atatoka. Eda ya mjane asiye na mimba ni miezi minne na siku kumi. Mwali huwekwa ndani, akafundwa, kisha akatolewa kwa ngoma. Hakuna anayewaita hawa wapweke. Chakula kinaletwa, kungwi anaingia na kutoka.

Kutawa ni mlango mgumu zaidi. Pwani, mwanamke aliyetawa alihesabiwa wa heshima, na Wakristo nao wana watawa wao, waliochagua kuishi kwa nadhiri. Ila kutawa na kutawishwa ni mambo mawili. Said Ahmed Mohamed aliutazama mlango huo kwa upande wa ndani katika riwaya yake Utengano (1980): Maimuna, bintiye Bwana Maksuudi, amefungiwa nyumbani kwa jina la heshima, na anapopata upenyo anatoroka.

Kisha kuna ukiwa, na hapa hakuna aliyefunga chochote. Watu wameondoka tu. Matanga yameanuliwa, majamvi yamekunjwa, viti vya kukodi vimerudishwa, jirani wa mwisho kaaga. Kinachobaki ndani ni ukiwa. Upweke humpata mtu, lakini ukiwa huweza kuipata nyumba, shamba, hata mji mzima. Biblia ya Union Version (1952) inalo neno hilo katika aya ya pili ya Mwanzo, kabla hata ya nuru, na tena mwanzoni mwa Maombolezo, juu ya mji uliokuwa umejaa watu. Aliyefikwa na hali hiyo aliitwa mkiwa. Siku hizi ni nadra kulisikia neno hilo nje ya mashairi na mahubiri.

Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti isemayo kuwa mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke. Katika nchi za kipato cha chini ni karibu asilimia 24. Katika nchi tajiri karibu 11. Sisi tuliozoea kuuita upweke ugonjwa wa Wazungu tuna la kujibu.

Ripoti hiyo inatofautisha upweke, ambao ni hisia, na hali ya kukosa watu wa kushirikiana nao. Hali hii ya pili ni rahisi kuifasiri "kutengwa na jamii", na hapo ndipo ninapokataa. Mchukue bibi wa Pangani ambaye mwanawe mmoja yuko Dar na mwingine Muscat. Hela zinatumwa, simu zinapigwa kila Ijumaa, wajukuu wanampungia mkono kwenye kioo. Nani kamtenga? Mwambie ametengwa uone atakavyowatetea wanawe. Ningepewa mimi kuifasiri ripoti hiyo, ningeandika ukiwa, na mhariri akilalamika kwamba neno lina harufu ya kanisani, ningemwomba aniletee lingine lisilomtafuta mshtakiwa.