MASHINE YA BOTI IKIPUNGUA NGUVU: CHUNGUZA KWANZA, NUNUA BAADAYE

Boti nyingi za wavuvi zinazotia nanga Feri, mjini Dar es Salaam, husukumwa na mashine za kupachika nyuma ambazo zimetumika kwa miaka mingi. Aghalabu mashine ya namna hiyo haifi ghafula. Hupungua nguvu kidogo kidogo, hata nahodha akaizoea hali hiyo na kuiona ya kawaida. Wakati wa kusi jambo hilo si la hasara tu, bali ni la hatari. Boti iliyokwenda upande wa Mbudya hulazimika kurudi ikikabili upepo na mawimbi, kisha ipite mlango wa bandari penye meli na vivuko vya Kigamboni.

Kosa linalorudiwa na vyama vingi ni kukimbilia dukani. Chama kimoja cha wavuvi kilinunua kabureta huko Kariakoo, na nguvu haikurudi. Kikanunua koili, ikawa vilevile. Hatimaye fundi mmoja mzee aligundua kwamba mpira wa mafuta ulikuwa umepasuka mahali unapoungana na mashine, ukawa unavuta hewa pamoja na petroli. Kilichotakiwa ni kipande cha mpira tu. Fedha zilizokwisha kutumika zilikuwa za wanachama, na mwenye duka hakukubali kurudishiwa vitu vilivyokwisha fungwa.

Swali la kwanza

Kabla ya kufungua parafujo yoyote, yafaa kuuliza: Je, mashine inazunguka kwa kasi yake ya siku zote lakini boti haiendi, au mashine yenyewe imeshindwa kuzunguka kwa kasi?

Ikiwa mashine inavuma sana na boti inajikokota, ubovu uko chini majini. Katikati ya rafadha nyingi mna mpira unaoishika rafadha na mhimili wake, na mpira huo ukichakaa huteleza. Kuutambua ni rahisi: pigwa mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye bomba la katikati hadi kwenye mwili wa rafadha, kisha boti iendeshwe kwa nguvu. Mstari ukiachana, mpira umekwisha. Ikiwa mashine ni nzito na haipandi kasi, kwanza itazamwe kama nyavu au kamba imejiviringisha kwenye rafadha, au kama chini ya boti pameota chaza na majani ya bahari. Mzigo wa namna hiyo huifanya hata mashine nzima ionekane mbovu.

Mafuta

Yote hayo yakiwa salama, uchunguzi uanzie kwenye tenki na kuendelea mbele, hatua kwa hatua. Kifuniko cha tenki kina tundu la kupitishia hewa. Likifungwa au likiziba, mashine huenda vizuri kwa dakika chache, kisha hulegea kwa sababu petroli haiwezi kutoka.

Kipimo cha pili ni pira la kubinya lililo kwenye mpira wa mafuta. Nguvu inapopungua boti ikiwa safarini, mtu mmoja alibinye pira hilo. Nguvu ikirejea, basi mafuta hayafiki ya kutosha: sababu ni mpira uliopasuka, chujio lililoziba au pampu dhaifu. Isiporejea, huenda vijitundu vya kabureta vimeziba kwa utomvu wa petroli ya zamani, au kuna maji katika mafuta. Petroli kidogo itiwe katika chupa nyeupe na kuachwa itulie. Maji yatajitenga chini. Hali kadhalika, petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hudhoofisha mashine na kuichafua.

Mashine za mapigo mawili hutaka petroli iliyochanganywa na oili. Kwa nyingi kipimo ni lita 50 za petroli kwa lita 1 ya oili, lakini nyingine za zamani hutaka oili zaidi. Kitabu cha mashine ndicho kifuatwe. Anayepunguza oili ili kubana matumizi anaiunguza pistoni.

Cheche na mgandamizo

Plagi ni shahidi mwema. Ikiwa na rangi ya kahawia isiyokolea, silinda inaunguza vizuri. Ikiwa nyeusi na imelowa, huenda haitoi cheche au oili imezidi. Ikiwa nyeupe, silinda inapata joto mno au mafuta ni machache, na mashine isimamishwe kabla pistoni haijayeyuka. Mashine yenye silinda mbili ikiwakia moja tu bado itanguruma, ila nusu ya nguvu imepotea. Cheche isipimwe mahali penye mvuke wa petroli.

Mwisho, mgandamizo wa silinda upimwe kwa geji. Lililo kuu ni silinda kulingana. Moja ikipungua kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi ya mwenzake, ringi au gasketi zitiliwe shaka, na hapo kubadilisha plagi ni kutwanga maji. Itazamwe pia kama maji ya kupozea yanaruka vizuri kutoka kwenye tundu lake, maana chumvi huziba njia zake. Kuisafisha mashine kwa maji baridi kila baada ya safari huzuia hasara hiyo.

Kwenda Kariakoo

Baada ya ubovu kujulikana ndipo safari ya Kariakoo iwe na maana. Spea za bandia zipo, nazo hufanana sana na zile halisi. Kwa hiyo anayetumwa achukue kifaa cha zamani na namba ya mashine, aulize bei katika maduka yasiyopungua mawili, na adai risiti yenye jina la chama. Kifaa cha zamani kirudishwe ofisini, kisiachwe kwa fundi wala dukani.

Kila chama kiwe na daftari la mashine. Humo iandikwe tarehe, dalili alizoziona nahodha, vipimo vilivyofanywa, matokeo yake na fedha zilizotumika. Bodi isiidhinishe ununuzi wa spea yoyote kabla ya kuusoma ukurasa huo. Daftari hilo pia litaonyesha siku ambayo mashine itakuwa imekula fedha nyingi kuliko inavyozalisha, ili mkutano mkuu uamue mapema kununua nyingine.

Hadi siku hiyo, boti isiondoke Feri bila makasia, nanga na maboya ya kujiokolea ya kutosha kila mtu. Spea huweza kununuliwa tena, mvuvi hanunuliki.