Uzee si Ugonjwa, na Ugonjwa si Uzee

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Lakini neno laweza kumharibikia mzee mwenyewe, na asipate msaada, kwa kuwa sisi tuliomzunguka tumekwisha kukata shauri kwamba huo ni uzee tu. Shauri hilo si la kweli, na twaona yatupasa kulisema wazi.

Katika vijiji vya Kibiti na delta ya Rufiji hukosi kumwona mzee asimuliaye barabara mafuriko ya mwaka 1974, au jinsi watu wa bondeni walivyohamia vijiji vipya katika miaka ya 1968 na 1969, na hali hajui kama asubuhi amekula. Jamaa humdhania kuwa anajifanya. Hajifanyi. Ugonjwa wa kusahau, ambao waganga huuita dimensia, kwa kawaida huanza kwa kufuta mambo ya karibuni, na ya zamani huyaacha kwa muda mrefu. Kusahau jina la mgeni ni jambo la kila mtu. Kupotea katika njia ya shamba lako mwenyewe ni dalili. Na penye mikoko na vijito, ambapo maji hujaa na kupwa, mzee akipotea maisha yake yamo hatarini.

Kama uzee peke yake ndio sababu, wazee wote wangepatwa. Uchunguzi uliofanywa katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kutangazwa mwaka 2013, uliona ugonjwa huu kwa watu 6 hivi tu katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Lakini katika wilaya hiyohiyo wazee 7 katika kila 10 walikuwa na shinikizo la damu, na wengi wao hawakujua. Shinikizo hilo huharibu mishipa ya ubongo polepole, bila maumivu, hata kiharusi kikaja na akili ikapungua.

Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya. Hata hivyo, mwaka 2024 wataalamu walioitwa na jarida la The Lancet walieleza kwamba karibu nusu yake duniani ungeweza kuzuiliwa au kucheleweshwa. Basi tupime damu tungali na nguvu, tupunguze chumvi, tuache tumbaku, tutembee. Mzee asiyesikia au asiyeona vyema atibiwe, kwa maana upweke nao hudhoofisha ubongo. Aitwe barazani, achezeshwe bao, aulizwe habari.

Tena tutofautishe. Mzee aliyekuwa timamu jana, na leo hawatambui wanawe, huenda ana malaria, homa ya mapafu au upungufu wa maji mwilini. Hayo hutibika, apelekwe zahanati siku ileile. Na yeyote amwitaye mchawi kwa sababu ya maneno yake ya kuchanganyikiwa, huyo amdhulumu mgonjwa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Lakini ahadi haivuki mto peke yake. Kutoka Mbwera hadi Kibiti ni safari ya chombo na kisha ya gari, na mzee asiyejua leo ni siku gani hawezi kuifunga safari hiyo. Kipimo cha damu ni chombo chepesi: nacho kipakiwe mashuani, kimfuate mzee aliko.