Kiwanja cha Ndege cha Kindu: Pale Reli Inapoishia (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliiacha reli pale inapoishia, Kindu, kwenye ukingo wa kushoto wa mto Lualaba. Njia hiyo ya kilomita zipatazo 355 kutoka Kongolo ilikamilika mwishoni mwa 1910. Abiria alishuka behewani, akapanda meli hadi Ubundu, kisha akaingia treni nyingine hadi Kisangani, maana maporomoko ya mto hayaruhusu meli kupita. Mpango ule ulitaka kila kiungo kifanye kazi kwa zamu yake. Leo treni ya kutoka Lubumbashi haina ratiba ya kutegemewa, na barabara za kwenda Kasongo na Bukavu hukatika mvua zikianza. Kilichobaki ni anga. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Kindu, Goma karibu 400, na kwa mfanyabiashara, mgonjwa au mwanafunzi, njia ya uhakika ya kufika huko ni kiwanja cha ndege.

Usafiri wa anga nchini Kongo ulianza kwa kuufuata mto. Mwaka 1920 Wabelgiji walifungua Ligne Aérienne Roi Albert, ndege za kutua majini zilizoruka kutoka Kinshasa juu ya mto Kongo. Kufikia 1921 zilikuwa zimefika Kisangani, wakati huo Stanleyville, zikakomea hapo. Shirika la ndege la Ubelgiji, Sabena, liliundwa 1923 na likajenga mtandao wa viwanja vya nchi kavu. Baada ya uhuru ikaja Air Congo mwaka 1961. Mkoa wetu wa Maniema ulikuwa na sababu ya pekee ya kuhitaji ndege: kasiterite ya Kalima na Punia, madini mazito ya bati yanayochimbwa mbali na reli, yenye thamani ya kutosha kulipia nauli ya angani.

Lakini jina la Kindu lilijulikana ulimwenguni kwa sababu nyingine. Tarehe 11 Novemba 1961 ndege mbili za C-119 za jeshi la anga la Italia zilitua hapa zikileta mahitaji ya askari wa Malaya waliokuwa wakilinda amani chini ya Umoja wa Mataifa. Wanajeshi wa anga waliokuwamo walikuwa 13, na hawakuwa na silaha. Walikamatwa na askari wa Kongo waliotoka upande wa Stanleyville, ambao waliwadhania kuwa maadui waliotumwa kutoka Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga, wakauawa. Miili yao ilirudishwa Italia mwaka uliofuata, ikazikwa Pisa, karibu na kiwanja walikotokea. Jiwe la kumbukumbu yao liko Roma, kwenye lango la kiwanja cha kimataifa cha Fiumicino. Mamilioni ya wasafiri wanaopita hapo kila mwaka hawajui Kindu iko wapi. Watoto wetu wanaosoma hapa hapa wanastahili kufundishwa habari hiyo, kwa heshima ya wale 13 na kwa kuwa ni historia ya mji wao.

Vita havikukiacha kiwanja hiki. Waasi wa Simba waliuteka mji mwaka 1964, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo serikali na mamluki wake wakaurudisha. Mwaka 1998 serikali ya Laurent-Désiré Kabila iliifanya Kindu kituo cha mapambano dhidi ya waasi. Tarehe 10 Oktoba Boeing 727 ya Congo Airlines ilitunguliwa kwa kombora muda mfupi baada ya kuruka kutoka Kindu, watu 41 wakafa. Waasi wa RCD walidai ilibeba askari. Wenye ndege wakasema ilibeba raia, wanawake na watoto wakiwemo. Siku mbili baadaye mji ulianguka. Mwaka 2001 Baraza la Usalama, katika azimio namba 1376, liliitaja Kindu pamoja na Kisangani kuwa miji ya kupelekwa askari wa MONUC, kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa.

Tuje sasa kwenye uendeshaji, ambao watu huuona kila siku bila kuuelewa. Mwenye dhamana ni Régie des Voies Aériennes, RVA, shirika la serikali lililoundwa 1972. Kazi yake ni kukitunza kiwanja na pia kuziongoza ndege zikiwa angani. Njia ya kurukia ni ya lami, urefu wake takriban mita 2,200, na iko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari. Mwinuko huo huifanya hewa kuwa nyepesi, na joto la mchana huongeza wepesi huo. Mabawa hushika hewa kidogo, injini nazo hupungukiwa nguvu, hivyo ndege inayoondoka saa nane mchana huhitaji kukimbia mbali zaidi kuliko ile ya saa moja asubuhi yenye uzito ule ule. Rubani hawezi kuirefusha lami, ila anaweza kupunguza uzito. Abiria anayeona mzigo wake ukibaki chini huhisi amedhulumiwa, na mara nyingi ni hesabu hii iliyouacha.

Kuna pia jambo la saa. Kindu inatangulia Kinshasa kwa saa moja. Ndege ikitoka Kinshasa saa nne asubuhi ikaruka kwa muda wa saa mbili, inatua kwetu saa saba. Mnara wa kuongozea ndege hauandiki saa ya Kindu wala ya Kinshasa, bali saa ya pamoja ya dunia inayotumiwa na marubani wote, ili pasitokee mkanganyiko.

Kisha maji. Mvua ikipenya kwenye nyufa hulegeza udongo ulio chini, na uzito wa magurudumu hukamilisha uharibifu. Kokoto moja iliyobanduka inaweza kufyonzwa na injini. Kwa hiyo mfereji uliozibuliwa, ufa uliozibwa na lami iliyofagiliwa asubuhi vinalinda maisha kuliko jengo zuri la abiria. Tangu 2009 kila anayepanda ndege nchini hulipa Go-Pass, iliyoanza kwa dola 10 kwa safari za ndani, kwa ajili ya kuendeleza viwanja. Mwananchi wa Maniema ana haki ya kuuliza, na kujibiwa kwa maandishi, ni kiasi gani cha fedha hizo kimerudi kwenye lami na mifereji ya kiwanja chake.

Swali hilo lina uzito mpya. Januari 2025 kiwanja cha Goma kilifungwa waasi wa M23 walipouteka mji, na Februari 14 wakakitwaa cha Kavumu, karibu na Bukavu. Njia ya anga ya mashariki, iliyokuwa ikileta bidhaa Kindu, ikafungwa. Wiki ijayo tutafuata gunia moja la unga na pipa moja la mafuta ya ndege, kuona bei inaongezeka wapi kabla havijavuka mto kwenda Alunguli, mtaa wa Kindu ulio ng'ambo.